Nauli za Bi Salha

Mwanangu Rukia,

Tangu asubuhi umesalimiwa na kuagwa na watu wengi, kwa hivyo salamu yangu nitaifanya fupi: amani iwe juu yako, mimi ni mzima, na nakuandikia ukiwa chumba cha pili tu. Nakusikia unacheka na shangazi zako. Wanabishana kama pilipili ya kusaga itapita uwanja wa ndege. Mambo hayo nawaachia wao. Koti, dawa, nani atakupokea, utakula nini siku ya kwanza, yote umeshaambiwa, na mengine umeambiwa hadi ukakunja uso. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenishinda kulisema uso kwa uso. Nilijaribu jana, nikajaribu tena leo mchana tulipokuwa tunakunja nguo. Kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama umekula.

Limeanza na maneno yako mwenyewe. Jana kwenye chakula mjomba wako alikuuliza hiyo kampuni ya huko itakupa nini, maana amesikia kazi ya kutunza wazee majumbani ni ya kutembea kutwa. Ukamwambia sare wanatoa, viatu utanunua, na nauli ya kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwengine utajilipia. Akashangaa. "Na wala huwaambii wakurudishie?" Ukanyoosha shingo, ukamjibu, "Mjomba, sisi hatwendi kazini kudai nauli." Ukumbi mzima ukacheka kwa kuridhika. Shangazi yako mkubwa akasema, "Huyo kalelewa." Kisha ukanigeukia mimi, ukatabasamu, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Uliyasikia kwangu ukiwa mdogo, na miaka yote hii umeyatunza kama kitu cha thamani nilichokupa.

Mimi nikainamisha macho kwenye sahani.

Maneno hayo niliyasema mara ya kwanza sebuleni kwetu kule Uingereza, na niliyemwambia ni Bi Salha, huyo huyo ambaye utafikia nyumbani kwake.

Najua unamkumbuka kidogo, kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Tulifika mji ule Wapemba wachache, baada ya fujo zilizotutoa nyumbani. Mimi na baba yako, Mungu amrehemu, tulitoka hapa Micheweni. Salha alitoka Makoongwe, kisiwa kile kidogo kinachotazamana na Mkoani, akamwacha mama yake mzee. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu hapa, kule pia wakaniita Mwalimu, ingawa kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee na kuwabadilishia mashuka. Salha alifanya kazi hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikisoma Kiingereza bila shida. Kila Jumapili wanawake wetu walikuja kwangu na bahasha zao, za skuli, za hospitali, za umeme. Nilizifungua, nikasoma, nikawaambia la kufanya. Nilipenda, mwanangu, siwezi kukuficha. Nilikuwa nimepoteza nyumba, skuli yangu na shamba la baba, na pale kwenye kochi letu lililochanika nilikuwa bado mtu.

Jumapili moja Salha hakuja na bahasha, alikuja na swali. Mwenzake kazini, mwanamke wa nchi nyengine, alimwambia kwamba mfanyakazi akitumia fedha zake kwa ajili ya kazi anaweza kuiandikia ofisi ya kodi, akapunguziwa kodi. Na Salha alikuwa anapanda mabasi kutwa, nyumba ya mzee huyu hadi ya yule, na kampuni haikumrudishia chochote. Sare aliifua mwenyewe.

"Mwalimu, n'nakuuliza weye uliyesoma," akasema. "Ni kweli, au yule mwanamke kanifanya mjinga?"

Sikujua. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, wala haina ufundi. Nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja juu ya kodi ya mfanyakazi. Jawabu lilikuwa kusema sijui, nipe wiki nisome. Lakini wanawake walikuwa wananitazama, vikombe mikononi.

"Salha," nikasema, "ukiitwa kwenye harusi huko kwenu, unakwenda na nini?"

"Na kisu changu, na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Nikaazime kwa wenye harusi?"

"Na ukimaliza kupika, unamdai mwenye harusi nauli ya mashua?"

"Audhubillahi! Nimdai?"

"Basi. Nchi hii imetupokea tukiwa hatuna hata viatu. Sisi hatwendi kazini kudai nauli."

Wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele kabisa. Salha mwenyewe alijipiga paja, akasema, "Mwalimu kanivua nguo mbele ya watu! Haya, n'shakoma. Mabasi yangu sadaka." Na tangu siku hiyo neno lile likawa letu sote. Mtu akinung'unika juu ya sabuni ya kufulia sare au soli za viatu, mwengine humjibu kwa neno langu, na mazungumzo huishia hapo. Wewe ulikuwa unacheza chini ya meza. Ndipo ulipoliokota.

Nimelifikiria kosa lile kwa miaka, nikaona ni kosa ambalo watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya, na kulifanya kwa moyo safi. Hapa mtu haombi chochote kwenye shughuli kwa sababu shughuli ina zamu. Leo unakuna nazi kwake, kesho yeye anachambua mchele kwako, na siku ukifiwa hata kuni hununui. Anayedai nauli anavunja zamu, ndiyo maana ni aibu. Lakini kampuni ile haikuwa na zamu yoyote na sisi. Haikuwa jirani. Ilipokea malipo kwa kila mzee tuliyemwogesha, ikatulipa mshahara, na mabasi yetu ikayaacha kwenye mikoba yetu. Nami nikachukua adabu ya jirani nikaivisha kampuni isiyojua hata kutamka majina yetu. Kisha nikaona nimesema jambo la hekima.

Ingekuwa ujinga tu, ningekusimulia leo tukacheka. Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kusema.

Haukupita mwaka, nikasoma. Unakumbuka maktaba ile yenye zulia la kijani, nilikokupeleka Jumamosi? Ulipokuwa na vitabu vyako vya picha, mimi nilikaa kwenye kompyuta yao kutafuta kwa nini mshahara wangu umekatwa kodi nyingi mwezi ule. Nikitafuta hilo nikalikuta lile la Salha. Nililisoma mara mbili, kisha nikanakili kwa mkono, kama mwanafunzi.

Nitakuandikia nilivyolielewa, maana utalihitaji, lakini sheria hubadilika na wewe una macho yako. Ukitumia fedha zako kwa jambo ambalo kazi yenyewe inakulazimisha, na mwajiri hakukurudishia, fedha hizo hazistahili kukatwa kodi. Hawakupi fedha yote uliyotumia. Wanakurudishia ile kodi tu uliyokatwa juu yake, na kwa watu wa kipato chetu ni kama sehemu moja katika tano. Nauli ya kutoka nyumbani kwenda kituo chako cha kawaida cha kazi haimo. Nauli ya kutoka kwa mteja kwenda kwa mteja mwengine imo. Sare yenye nembo ya kampuni, unayolazimika kuivaa na kuifua mwenyewe, imo. Suruali nyeusi na viatu vya kawaida havimo, hata kama huvivai popote isipokuwa kazini. Wanataka ushahidi, kwa hivyo weka risiti, na andika kila siku umetoka wapi kwenda wapi. Na kuna mlango unaofungwa: unaweza kudai miaka minne iliyopita, zaidi ya hapo imekwenda.

Soma tena hayo, Rukia, uone kama kuna omba omba ndani yake. Mimi sikuiona. Hakuna aliyekuwa anatupa sadaka. Ilikuwa ni fedha yetu, iliyokatwa kwa kipimo kisicho sawa, na serikali yenyewe imeandika namna ya kusawazisha.

Nikadai. Peke yangu. Mabasi yangu ya miaka minne, kwa tiketi nilizokuwa nimezichomeka ndani ya vitabu kama alama, tabia yangu unaijua. Hawakunigombeza wala kuniuliza kwa nini nimechelewa. Walinirudishia, na kwa fedha ile nikanunua kabati la vitabu. Ndiyo, hili hili la ukumbini, lililokuja na kontena, unalowaonyesha wageni ukasema mama yangu bila vitabu hawezi kuishi.

Aliyenisaidia kulipandisha ngazi ni Salha. Alishika upande wa chini, palipo pazito, huku anahema na kunitania.

"Mwalimu, umecheza bahati nasibu kwa siri? Kabati la mti mtupu!"

"Akiba," nikasema.

"Akiba ya mshahara uno? Basi mie mshahara wangu unaliwa na panya."

"Mshahara wako unaliwa na mabasi," nikamwambia. Nilimwambia hivyo, mwanangu. Neno lilinitoka, na nusu yake ilikuwa ni kweli ikitafuta njia. Angeniuliza jengine pale kwenye ngazi, nadhani ningesema yote. Lakini yeye alicheka, akajibu, "Mabasi sadaka, si ulitufundisha mwenyewe?" akalibeba kabati hadi juu.

Utaniuliza kwa nini sikusema Jumapili iliyofuata. Nilikuwa na sababu, na zote nilizitengeneza mwenyewe. Kwamba nitasema wakiwa wachache. Kwamba fedha yenyewe si nyingi. Kwamba watashindwa kuandika kila safari, watanisumbua mimi. Chini ya hizo kulikuwa na sababu moja tu: ningelazimika kusimama mbele ya wanawake waliocheka kwa kuridhika na neno langu, niwaambie niliwafundisha jambo nisilolijua, tena wakati mimi nimeshachukua changu. Nilivyozidi kukaa kimya ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Kila mwaka wa kodi ulipofungwa, mwaka mmoja wa Salha ulitoka mkononi mwake, na mimi nilikuwa mtu pekee katika sebule ile aliyekuwa anajua kwamba unatoka.

Baadaye aliacha kazi ya wazee, akaenda jikoni kwenye hoteli, ambako hakuna mabasi ya katikati ya kazi. Mimi nikapumua. Ona aibu yake: nilifurahi kwamba jambo limekwisha.

Wakati huo alikuwa anaweka akiba ya tiketi ya kuja kumwona mama yake Makoongwe. Mzee alikuwa ameanza kudhoofika. Kila Jumapili Salha alitwambia amefika wapi. "Imebaki kidogo," anasema, kisha siku ya pili meno ya mwanawe, au jokofu limekufa, inabaki kubwa tena. Habari ya kifo ikamkuta yuko kazini hotelini. Hakumwona mama yake, wala hakumzika.

Nataka hapa niwe mkweli kwa pande zote mbili. Sijui kama fedha ya mabasi ingemfikisha. Nimeifanya hesabu yake mara nyingi kwa kukisia, mara inafika, mara inapungua. Pengine ingeliwa na jokofu lile lile. Usinisaidie kwa kusema ingepungua, na usinizamishe kwa kusema ingefika. Ninachokijua ni kwamba fedha ilikuwa yake, nami niliikalia kimya.

Tulifanya matanga nyumbani kwetu, kwa kuwa sebule yetu ndiyo ilikuwa kubwa. Wanawake wakasoma hitima, wakachanga. Nikatoa mchango mkubwa kuliko wote, na nikahakikisha hautangazwi, nikidhani kwa kuuficha nimeusafisha. Lakini Salha aliambiwa. Akanyanyuka na buibui lake, macho yamevimba, akaja akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Mungu akulipe, Mwalimu. Weye ndiye mama yangu sasa." Nami nikaipokea shukrani ile. Nikampapasa mgongo. Katika mambo yote niliyoyafanya maishani, pamoja na yale ya kukimbia na kuacha watu nyuma, ambayo nilikuwa na udhuru wake, hilo la kumpapasa mgongo ndilo linaloniamsha.

Baba yako alipofariki tukarudi. Wewe ulijifunza kuita mwani mwani na kutembea juu ya mawe haya bila viatu, mimi nikajifunza kuwa mgeni nyumbani. Watoto wa wanafunzi wangu hunisalimu kwa heshima ya mtu aliyetoka mbali. Salha alibaki kule. Mwaka huu, ulipoamua kurejea ulikozaliwa ukafanye kazi, nilimpigia simu kumuuliza kama anamjua mtu mwenye chumba cha kukodisha. Hakuniacha nimalize. "Mtoto wa Mwalimu alale kwa watu, mie nimekufa?"

Ningeweza kukuacha uende hivyo. Angekupokea kama mjukuu. Ungemwambia lile neno letu la nauli, na angecheka, na angekwambia mama yako ndiye aliyetufunza. Jana ulipolisema mbele ya mjomba wako niliiona picha hiyo yote, wewe na yeye mnacheka jikoni kwake juu ya uongo wangu, na ikanishinda.

Leo baada ya alasiri nilitoka nyuma ya nyumba, pale kwenye mawe simu inaposhika, nikampigia. Uliniuliza nilikuwa wapi, nikasema naanua nguo. Nisamehe na hilo.

Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyokueleza wewe. Mwanzo alidhani namtania. "Mwalimu, umeanza uzee? Mambo ya mabasi ya zamani hayo ya nini leo?" Nikaendelea. Nilipofika kwenye kabati nilisikia maji yanamiminika kwenye bomba, halafu bomba likafungwa.

"N'nakuuliza kitu kimoja," akasema. "Ulijua kabla mama hajafa, au baada?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sikumbuki.

"Kabla," nikasema. "Kabla sana. Ulikuwa bado una muda wa kudai."

Nikamwita jina lake.

"Nipo," akasema. Sauti ile unayoikumbuka wewe haikuwemo. "Mtoto na aje. Chumba n'shakipanga, na yeye hana kosa. Weye usinipigie. Nikiwa na la kukwambia, nitakupigia mie."

Nikamwambia nitamrudishia. Akasema, "Utanirudishia nini, Mwalimu?" akakata. Hakuwa na hasira katika kuuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nimeweka fedha kidogo katika bahasha nyeupe ndani ya mkoba wako, na kisha nimeitoa. Siwezi kukupa mzigo huo, na siwezi kumlipa kwa ajili ya mama yake kwa mkono wako. Hilo litakuwa baina yangu na yeye, kama ataniruhusu.

Kwako nina machache. Usione haya kudai kilicho chako kwa mtu ambaye hana zamu na wewe. Usidai hata basi moja ambalo hukulipanda. Na pale utakapokuwa, kwa kuwa umesoma, wanawake watakuja kwako na bahasha zao. Ipo siku mmoja atakuuliza kitu usichokijua, na wengine watakuwa wanakutazama. Mwambie hujui. Itakuchoma kidogo usoni, kisha itapoa. Yangu mimi haijapoa.

Utafika kwake na atakupikia, namjua. Atakutazama kwa siku za mwanzo akinitafuta mimi usoni mwako. Mvumilie. Kisha siku moja, pengine mbele ya wageni, atasema Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, na hatasema kwa upole. Damu itakupanda, kwa sababu wewe ni mtoto mwema na mimi ni mama yako. Usinitetee.

Nakupenda, nakuombea kheri.

Mama yako,
Zuwena